Kompyuta ya gemu: niinunue tayari au niunganishe na mdogo wangu?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 31, naishi Changamwe na mke wangu na binti yetu mdogo. Ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kazi yetu ni ya zamu. Nikirudi usiku wa manane silali mara moja, kichwa bado kimejaa makontena na karatasi. Tangu niko shule napenda gemu za mpira na za mbio za magari, na ile saa moja ya kucheza ndiyo hunituliza. Kwa sasa natumia laptopu kuukuu. Feni yake inavuma hadi mtoto anaamka, na gemu zenyewe zinakwamakwama.

Nimekuwa nikiweka akiba ya kununua kompyuta ya mezani ya gemu. Zamu yangu ya chama ilifika mwezi uliopita, na nikijumlisha zote nina shilingi 130,000. Si pesa za kodi ya nyumba wala karo. Mke wangu alikubali tangu mwanzo kwamba hizi ni zangu. Kinachonishinda ni namna ya kuzitumia.

Kuna duka Nairobi linalouza mashine zilizokwisha unganishwa. Nimeongea nao kwa WhatsApp, wamenipa bei ya 128,000 na waranti ya mwaka mmoja, na watanitumia kwa basi. Ndani kuna prosesa (ubongo wa mashine) ya Core i5 kizazi cha 12, kadi ya grafiki (inayochora picha za gemu) ya RTX 3060, ram (kumbukumbu ya kazi) 16GB na SSD (diski ya kuhifadhi) ya 512GB. Nikituma pesa leo, kesho kutwa nacheza.

Upande wa pili kuna mdogo wangu. Ana miaka 19, alimaliza Form Four na anasubiri kuingia chuo cha ufundi. Kijana huyu ana mkono. Alichukua kompyuta ya ofisi, hizi za mtumba za ex-UK, akaifungua yote juu ya meza yetu ya kulia, akaisafisha, akabadilisha ram, akaifunga na ikawaka. Tangu nimtajie hizi pesa hana habari nyingine. Anataka tununue kila kifaa peke yake tuunganishe wenyewe. Ameshaandika orodha kwenye daftari: prosesa ya Core i5-12400F, mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote), pawa saplai (kifaa cha kugawa umeme ndani), mpaka rangi ya kasha. Anasema tutaokoa si chini ya 20,000, na kwamba mashine za dukani hutiwa vifaa hafifu mahali ambapo mteja haangalii.

Mjomba wetu anafanya kazi Muscat, Oman, na atakuja likizo baada ya miezi minne. Amejitolea kutubebea prosesa na kadi ya grafiki kwa sababu anasema kule bei ni nafuu. Mpango wa mdogo wangu ni kwamba vilivyobaki tuvinunue huku polepole, kimoja leo, kingine mwezi ujao, mpaka mjomba afike.

Mimi naogopa, Shangazi. Tukiunganisha na isiwake, nani tutamlaumu? Nimeona video za watu waliopinda pini wakati wa kuweka prosesa, pesa zikaenda hivyo hivyo. Stima ya huku nayo hukatika na kurudi kwa nguvu. Jirani yangu aliunganishiwa kompyuta na fundi wa mtaani, ikaungua baada ya muda mfupi na fundi akaacha kushika simu.

Lakini pia naogopa nikinunua ya duka nitamvunja moyo kijana. Baba yetu alifariki yeye akiwa darasa la tano, na mimi ndiye niliyemlea. Hajawahi kuniomba kitu kikubwa. Na hata hili, hajaomba mashine iwe yake. Ameomba tuifanye pamoja.

Mke wangu ana swali lake. Anasema ikiwa ni mchezo, kwa nini nisinunue PlayStation nikapumzika, kitakachobaki tuongezee tununue friji. Sina jibu la kumpa. Mjomba ananiambia mwanamume hanunui kitu anachoweza kutengeneza. Wenzangu kazini wanasema nunua tayari, maisha mafupi.

Nifanyeje?

Msomaji wako, Changamwe

Marahaba, mwanangu. Pole na zamu za usiku, na hongera kwa kuweka akiba bila kugusa pesa za nyumba. Wengi huniandikia wakiwa wameshakopa.

Nikikusoma vizuri, una pesa taslimu na njia mbili. Moja ni fupi: unatuma pesa, mashine inakuja, na kuna duka la kulipigia simu ikigoma. Nyingine ni ndefu, ina ndugu yako ndani yake, na ina hofu. Juu ya hizo wamekaa watu watatu, kila mmoja na lake: mke, mjomba na wenzako wa kazini. Sitakuchagulia, lakini kuna mambo umeyaandika kama yamethibitishwa, na mimi ningetaka tuyaguse moja moja kabla hujatoa hata shilingi.

Nianze na lile swali lako, "nani tutamlaumu?" Ndilo lililonisimamisha zaidi katika barua nzima. Anayenunua mashine iliyounganishwa hulipia vifaa, na juu yake humlipa mtu wa kubeba lawama. Isipowaka, unapiga simu moja, na kujua kilichokufa ni kazi yao. Anayeunganisha mwenyewe ana waranti nyingi ndogo, kila kifaa na yake, kila moja kwa muuzaji wake. Kabla hujamrudia yeyote, lazima kwanza ujue mgonjwa ni yupi: ni ram, ni mazabodi, au ni pawa saplai? Bila vifaa vya akiba vya kujaribia, hilo linaweza kula wiki nzima. Na kilichotoka Muscat, muuzaji wake yuko Muscat na risiti yake ni ya kule. Kikifa mwezi wa pili, kitamngoja mjomba hadi likizo ijayo. Nafuu ya bei aliyokutajia inafaa kupimwa dhidi ya hilo.

Sasa zile 20,000 za kuokoa. Kijana hakosei kuamini hivyo, kwa sababu kwa miaka mingi kuunganisha mwenyewe kumekuwa nafuu. Ila soko limegeuka. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei ya ram imepanda vibaya sana, na SSD zikafuata, kwa kuwa watengenezaji wa chipu wanaelekeza bidhaa zao kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba 2025 kampuni ya Micron ilitangaza kwamba inaacha kuuza ram na SSD za Crucial kwa watu wa kawaida, jina ambalo waunganishaji wengi walilitegemea. Matokeo yake ni kwamba duka lenye mzigo wa zamani linaweza kukuuzia mashine nzima kwa bei ambayo wewe huifikii ukinunua kipande kipande. Linaweza, sijasema ni hivyo. Mwambie mdogo wako aandike bei za wiki hii, si za video ya mwaka juzi, mbele ya kila kifaa kwenye lile daftari. Ikiwa 20,000 bado zipo, mtaziona wote wawili.

Na hapa niulize kitu ambacho hakimo katika barua yako. Skrini iko wapi? Umetoka kwenye laptopu, ambayo huja na skrini na kibodi yake. Mashine ya duka ni 128,000, wewe una 130,000. Je, bei hiyo ina skrini, kibodi na mausi? Ina Windows yenye leseni halali? Na UPS, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, kwa hiyo stima unayoilalamikia? Unaweza kutumia televisheni ya sebuleni kwa kuanzia, lakini basi ni vyema mke wako alijue mapema, maana atakayetolewa kwenye tamthilia yake ni yeye.

Kuhusu vifaa hafifu mahali mteja haangalii, mdogo wako amesema neno la kweli, ila linaweza kupimwa kwa maswali machache. RTX 3060 iliyotoka Februari 2021 ina kumbukumbu ya 12GB. Baadaye ikatoka nyingine ya 8GB, jina ni lilelile, nayo ni dhaifu zaidi. Waulize ni ipi. Waulize ram ni kijiti kimoja cha 16GB au viwili vya 8GB, kwa sababu viwili hufanya kazi kwa kasi zaidi kwenye gemu. Halafu waulize pawa saplai ni ya kampuni gani na ya wati ngapi. Nvidia wenyewe, watengenezaji wa chipu yake, wanapendekeza wati 550 kwa mashine yenye kadi hiyo. Pawa saplai ndicho kifaa ambacho tangazo hulipita kimya, na ikiungua kwa ubaya huweza kuondoka na vingine. Waombe wafungue ubavu wa kasha, wapige picha lebo yake, wakutumie. Nilikaa miaka kwenye kaunta ya duka la vifaa vya kompyuta, na muuzaji mwaminifu hachukii ombi hilo. Akianza kuzungukazunguka, umeshapata jibu.

Safari ya basi nayo. Kadi ya grafiki ni nzito na imeshikiliwa na tundu la plastiki na skrubu mbili tu. Barabara ya Nairobi hadi Mombasa usiku kucha inaweza kuling'oa hilo tundu. Ukinunua, waambie waitoe kadi waifunge kwenye boksi lake peke yake. Kuirudisha ni kazi ndogo, na unaye mtu nyumbani mwenye mkono.

Mpango wa kununua polepole ndio unaonitia wasiwasi kuliko kuunganisha kwenyewe. Tazama hiyo prosesa aliyoiandika, i5-12400F. Ile F mwishoni maana yake haina grafiki ndani yake. Bila kadi, skrini haionyeshi kitu, na prosesa yenyewe nayo inamngoja mjomba. Kwa hiyo mazabodi mtakayonunua mwezi huu, na ram ya mwezi ujao, hamtaweza kuzijaribu mpaka mjomba ashuke na mizigo yake. Maduka mengi hukupa siku chache tu za kurudisha kitu kibovu. Mtagundua kasoro siku ambazo zile za kurudisha zimepita zamani. Kisha kuna hili: mazabodi za prosesa hiyo zipo za ram ya DDR4 na zipo za DDR5, na ram ya moja haiingii kwenye nyingine hata uisukume vipi. Mtu anayenunua kwa vipande, huku akifukuzia ofa, hujikwaa hapo kwa urahisi. Kama mtaunganisha, fikirieni kununua vyote kwa wakati mmoja, ikiwezekana kwa muuzaji mmoja, muviwashe wiki hiyohiyo. Hapo mjomba atakuwa amebaki bila mzigo. Au mngojeni, pesa zikae benki, na orodha nzima inunuliwe juma analofika. Kungoja nako kuna hatari yake, kwa kuwa hakuna anayejua ram itauzwaje wakati huo.

Hofu ya kuharibu nataka niipunguze kidogo, maana video hukuza mambo. Prosesa za Intel za kizazi hicho hazina pini. Pini ziko kwenye mazabodi, chini ya kifuniko cha chuma. Unalinganisha alama za pembeni, unailaza prosesa bila kuisukuma, kisha unashusha wenzo. Wenzo huo ni mgumu, na hutoa sauti ya kukwaruza inayomtisha kila mtu mara ya kwanza. Ndivyo ulivyo. Kile kifuniko cheusi cha plastiki kinacholinda pini kitaruka chenyewe. Kitunzeni, wengine hukidai mkirudisha mazabodi kwa waranti. Umeme tuli wa mwilini ambao video huuhubiri ni tatizo zaidi nchi kavu za baridi kuliko Mombasa yenye unyevu, ila kugusa chuma cha kasha kabla ya kushika kifaa hakugharimu kitu. Ajali ninayoihofia zaidi ni ndogo sana kwa macho. Baadhi ya pawa saplai za bei ya chini zina swichi nyekundu nyuma, imeandikwa 115 na 230. Kwetu ni volti 240, kwa hiyo lazima ikae kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, mtasikia mlipuko mara tu mkichomeka.

Unyevu nao una upande mbaya. Hewa ya chumvi hula chuma, na vumbi lenye unyevu huganda kwenye feni. Iwe ya duka au ya mikono yenu, itahitaji kufunguliwa na kusafishwa. Uliza duka kama kuifungua kunavunja waranti, maana wapo wanaobandika stika kwenye skrubu. Huko ni kumfungia mdogo wako nje ya mashine kwa mwaka mzima.

Swali la mke wako usilipite. PlayStation 5 inacheza mpira na magari vizuri sana, inachomekwa kwenye televisheni mliyo nayo, na haina mazabodi ya kukukosesha usingizi. Ikiwa unachotaka ni ile saa moja baada ya zamu na basi, ana hoja kubwa kuliko unavyompa. Kompyuta inajibu swali jingine: je, kuna kazi nyingine itafanya nyumbani? Mdogo wako ataitumia akiingia chuo? Binti akikua? Ukiwa na majibu ya kweli, mpe. Ukikosa, msikilize tena. Sidhani anakupinga. Nahisi anataka kujua nyumba nzima inapata nini, na friji si swali la mzaha kwenye joto la Changamwe.

Njia haziko mbili tu. Unaweza kuliambia duka likuuzie vifaa vilevile bila kuviunganisha, kwa risiti moja. Wapo wanaokubali, na mdogo wako akafanya kazi. Unaweza kupanda treni nenda naye Nairobi, fundi wa duka aunganishe mbele yake huku kijana akishika bisibisi pale anaporuhusiwa, na waranti ya mashine nzima ibaki. Utalipa nauli na labda ada, na wengine watakataa mteja kuingia nyuma ya kaunta. Tena kuna ile ex-UK aliyoifufua. Ni ya kizazi gani? Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi huanzia prosesa za Intel za kizazi cha 8. Ikiwa inafika hapo na kasha lake ni refu, kadi isiyohitaji waya wa ziada wa umeme, kama GTX 1650 za namna hiyo, inaweza kutosha gemu za mpira kwa sehemu ndogo ya akiba yako. Kasha likiwa jembamba, itabidi mtafute kadi fupi maalum. Na mashine nyingi za ofisi zina pawa saplai ya umbo lake peke yake, huwezi kubadilisha tu. Hamtapata maajabu, lakini mtapata miezi ya kufikiri bila haraka, na mdogo wako atapata mazoezi kwenye kitu kisichouma kikiharibika.

Sasa kuhusu yeye. Umeandika kwamba ukinunua ya duka utamvunja moyo. Umemuuliza? Kijana aliyekulia mikononi mwako anaweza kuelewa mengi akielezwa mapema kuliko akikuta boksi limefika. Na ligeuze upande wa pili pia: mkiunganisha na isiwake usiku ule, atakuwa ameketi mbele ya pesa za mtu aliyemlea, akijiona amezipoteza. Wewe utasema nini dakika hiyo? Ikiwa unaweza kumwambia tangu leo, kwa moyo mweupe, kwamba kikiungua kitu ni hasara yenu wote na hautamkumbusha, basi njia ya kuunganisha ina msingi. Ikiwa unajijua kwamba hasira itakutoka, na zamu za usiku huchosha mtu, hilo nalo ni jambo la kuhesabu, wala si aibu.

Neno la mjomba kuhusu uanaume liache lipite. Analeta kwa mapenzi, lakini si yeye atakayeshinda na mashine hiyo. Wenzako wa kazini wana haki ya kusema maisha mafupi, ila hawamjui huyu kijana.

Ningekuwa karibu ningeketi nanyi watatu, wewe, mkeo na mdogo wako, na lile daftari mezani. Safu moja bei ya duka pamoja na skrini na UPS. Safu ya pili bei za wiki hii za kila kifaa, na kando yake nani anashika waranti na kwa muda gani. Ya tatu PlayStation na friji. Mwache kijana aandike mwenyewe. Ikiwa mjomba atabaki kwenye mpango wowote, aulize mapema ushuru wa kuingiza vifaa hivyo, na kadi aibebe kwenye mkoba wa mkononi. Mkimaliza kuandika, piga picha kurasa hizo unitumie kabla hujatuma pesa popote. Nitazipitia mstari kwa mstari.

Shangazi